Dakika Saba za Mfano

Jumatatu, 3 Machi
Mkaguzi wa mifumo ameniachia karatasi mezani: kabla ya Ijumaa, faili zote za mfano zilizopitwa na wakati ziondolewe kwenye kompyuta ya pampu ya maji ya mji. Nimezihesabu — 212. Kila moja inaeleza jinsi ya kupanga kitu ambacho hatuna. Faksi. Modemu. Ni kama kurithi nyumba iliyojaa viatu na kutoona mguu hata mmoja.
Mhandisi anasema takataka ni takataka, futa. Yeye kasoma. Mimi kazi hii nimeidokoadokoa tu, kwa hiyo mimi ni mwoga. Sifuti, nahamisha.

Jumanne, 4 Machi
Asubuhi nimehamisha zote. Nikajipongeza kwa chai.
Alasiri pampu haikuwaka.
Mama mkwe akapiga simu. "Mkwe, maji yenu yamesusa? Ndoo zimejipanga hapa kama wagonjwa." Nikasema tunashughulikia. "Mnashughulikia au mnaangaliana?"
Tulikuwa tunaangaliana, mimi na Mhandisi. Alipotoka nikarudisha faili zote. Pampu ikaguna, ikawaka.

Jumatano, 5 Machi
Nimeondoa moja moja, kila mara naizima programu na kuiwasha upya. Nilipoitoa ya 131, programu ikagoma.
Nimekaa nikiitazama mpaka chai ikapoa. Aliyetuwekea mfumo miaka kumi na minne iliyopita hakutengeneza faili yetu wenyewe. Aliielekeza programu kwenye mfano, basi. Mstari wa kwanza: "Mfano tu. Usiutumie ulivyo." Chini yake: kuwasha 16:07, kuzima 18:22.
Mtu fulani, wa nchi nisiyoijua, alihitaji namba ya kujazia mstari. Akaandika iliyomjia. Na huku watoto wanaogeshwa kwa namba hiyo, zahanati inafua mashuka, mwoka mikate anakanda unga, mke wangu anaaga kazini saa kumi kasoro ili aiwahi. Mji mzima! Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini saa kumi na dakika saba.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekiri kwa Mhandisi. Nilijiandaa kufokewa. Akasoma, akavua miwani, akasoma tena.
"Niliwahi kuandika ripoti," akasema polepole. "Kurasa arobaini. Kueleza kwamba muda huu umekokotolewa kitaalamu."
Hatukucheka. Baadaye tulicheka mpaka tukashika meza.
Mkaguzi hataki hadithi: ikibaki faili moja, kompyuta inazimwa, na sisi nyumbani. Mhandisi amepekua makabati kutafuta namba sahihi. Hazipo. Lakini sahihi ni ipi tena, wakati mji umeshajishonea siku zake kwa hii?

Ijumaa, 7 Machi
Nimenakili mistari miwili ya saa kwenye faili mpya, yenye jina letu. Yale maneno "Mfano tu" sikuyachukua. Nilijihisi kama nimemvua mtu cheo, au nimemvika — sijui.
Kisha nimefuta zote 212, mkaguzi akitazama. Hakuna pa kurudi. Programu imewaka bila kulalamika, lakini pampu haimwamini mtu mpaka saa yake ifike.
Saa kumi na dakika nne. Mama mkwe yuko kwenye simu, ameiweka kando ya bomba lake. "Kimya," anasema. "Hata kikohozi hakuna."
Mkaguzi ameshasaini, angeweza kwenda zake. Hajaenda. Anauliza kwa sauti ya chini nani alichagua dakika saba. Mhandisi anavua miwani, anaifuta kwa shati. Sote tunaitazama saa ya ukutani kama watu wanaosubiri kuitwa majina. Dakika sita. Dakika saba. Mama mkwe anasema ngoja, nyamazeni kidogo, bomba kama limekohoa —