Chumba cha Cédric na Mkorea Wake

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Mama ameamua. Chumba cha yaya Cédric, kaka yangu mkubwa, atapewa Raïssa, binamu yetu aliyekimbia vita Bukavu. Anafika Jumapili. Yaya tumemzika juzi tu, Agosti! Nikasema ni mapema mno. Mama akajibu: mtu hai anahitaji kitanda.
Ana haki. Ndiyo inayoniuma.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimejifungia chumbani kwa yaya na filamu ya kwanza ya mwongozaji Tak Jun-oh. "Mkorea wangu" — ndivyo yaya alivyomwita. Hakuna muziki. Kamera haisogei. Watu wanakula, wanagombana, wanatoka, na sisi tunabaki na meza na mabakuli machafu. Zamani nilikuwa nasinzia. Yaya alikuwa ananipiga kiwiko: amka, ndiyo kwanza inaanza!
Maisha ya Tak aliyajua yote. Tuzo za mwanzoni. Kisha ile filamu kubwa ya bunduki, iliyoanguka vibaya. Kisha miaka ya kimya, akipika tambi katika mgahawa alioachiwa na mama yake. Sasa amerudi na filamu mpya, na Jumamosi yuko hapa London. Yaya alitununulia tiketi mbili mwezi Julai. Moyo wake ukasimama akiwa kazini.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimeenda. Kiti cha pili nikakiwekea koti.
Mgahawa, mama mzee, mwana anayefunga mlango. Basi, ndiyo filamu nzima. Nililia kuanzia katikati.
Halafu Tak mwenyewe jukwaani! Mfupi, sweta limemzidi, ana mkalimani. Nikanyoosha mkono. Kwa nini kamera inabaki chumbani watu wakishatoka? Nikaongeza: kaka yangu ndiye aliyetaka kuuliza, lakini amefariki.
Mkalimani akamtafsiria. Tak akasema mama yake alifariki yeye akiwa mbali, anapiga ile filamu ya bunduki. Aliporudi, ndugu walishasafisha chumba. Hakupata hata dakika ya kukitazama.
Akauliza kaka yangu anaitwa nani. Akajaribu kulitamka jina.

Jumapili, 12 Oktoba
Mama hakwenda kanisani. Nimemkuta chumbani, mifuko myeusi sakafuni. Nilikuja kumwomba asubiri. Lakini hakuwa ametia kitu hata kimoja! Ameketi kitandani, shati la kazi la yaya amelibana usoni. Na mimi nilidhani amesahau.
Nikakaa kando yake.
Kengele ya mlango ikalia. Raïssa — na mvua yote ile! Nikainuka. Mama akanishika mkono.
"Bado kidogo, Miradie."
Ikalia tena.