Asiyejua Hakosi Yote

Mama,

Umetufanyia nini? Nisamehe kwa kuanza na swali, salamu hazinitoki. Tangu juzi Jumamosi akili yangu haipo, leo darasani nimeandika tarehe ya juzi ubaoni na watoto wamenicheka.

Arobaini yako ilipita salama. Watu walikuja hadi kutoka Malolo, wali ulitosha, na mvua ya mwisho ilingoja mpaka wageni wakaondoka. Hapo kwetu Matambarale sasa wanafyatua matofali ya shule ya sekondari ya kata. Sekondari, Mama, nyuma ya ghala la korosho! Nilipoyaona yale matofali siku ya arobaini nilisema laiti ungekuwepo. Sasa sitaki hata kuyakumbuka.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana mwenyewe bado siamini.

Hapa Nambambo ninakofundisha nina mtoto wa darasa la saba, anaitwa Zainabu. Ana akili ya kutisha. Nikiandika hesabu ubaoni, jibu analo kabla sijageuka. Ananiuliza maswali ambayo inabidi nijifanye nakohoa nipate muda wa kufikiri. Wewe unanijua, kichwa changu mambo yanaingia kama jembe kwenye ardhi ya kiangazi. Basi muhula huu Zainabu akaporomoka ghafla. Jaribio la mwisho lilikuwa na maswali arobaini ya kuchagua herufi, akapata sifuri. Nikasema huyu sifa zimempanda kichwani, analeta kiburi. Nikamchapa fimbo mbili mbele ya wenzake. Hakulia. Alinitazama tu, akarudi kukaa.

Jumamosi nikaenda nyumbani kumsaidia Somoe kupeta ufuta. Mdogo wangu na ungo wake, mimi na maneno yangu, kama kawaida. Nikamsimulia habari za Zainabu, nikalalamika kwamba watoto hawa ukiwasifu unawaharibu. Somoe akaniuliza mtoto kapata ngapi. Nikamwambia sifuri.

"Yote arobaini kakosa?"

Yote.

Akapeta kidogo, akapuliza makapi, akasema bila kuinua macho: "Dada, huyo si mvivu. Huyo kaambiwa akosee. Asiyejua hakosi yote. Herufi ziko nne, akibahatisha tu, kumi hivi zitamwangukia. Wa kukosa yote ni yule anayejua yote, maana anajua pa kukwepa."

Mimi mwalimu mwenye cheti nilikaa na karatasi ile wiki nzima, hilo sikuliona. Nikamuuliza yeye kajuaje.

"Na mimi nilikosa yote."

Mama, nilicheka. Haki ya Mungu nilicheka, nikadhani ananitania. Halafu nikaona ungo umetulia mikononi mwake.

Unakumbuka alivyojua kusoma? Mimi nilikuwa nakaa mkekani na kitabu changu cha darasa la kwanza, yeye kakaa mbele yangu, hata shule hajaanza. Akajua kusoma kitabu kikiwa kichwa chini, kwa sababu ndivyo alivyokiona yeye. Alipoanza shule alikishika hivyo hivyo, wakamcheka, mpaka alipoanza kusoma kwa sauti. Kisha akaja yule mwalimu wa kutoka Kagera, asiyejua Kimwera hata neno moja. Akamrusha darasa, akamrusha tena, mpaka akanikuta mimi dada yake. Akaja hadi nyumbani kukuambia kwamba mtoto huyu ana kipaji, asipelekwe shamba asubuhi, apewe nafasi ya kusoma. Wewe ulimkaribisha kwa heshima zote, ukamwandalia kuku. Nilijua umefurahi. Sikujua kwamba ulishaanza kupiga hesabu zako.

Maana shule yetu kila mwaka ilitoa msichana mmoja wa kwenda sekondari, na mwaka mwingine hata huyo mmoja asipatikane. Yule mwalimu alikuwa na nia njema, lakini kwa wema wake alituingiza wanao wawili kwenye mtihani mmoja, mwaka mmoja. Hakuna aliyeliona hilo. Wewe uliliona.

Siku moja kabla ya mtihani ulinituma mashineni kusaga. Naikumbuka foleni ilivyokuwa, nilinung'unika njia nzima. Kumbe huku nyuma umemkalisha Somoe unamsuka nywele, na huku unasuka unamwambia: "Dada yako akikosa hapa kakosa dunia. Wewe akili hiyo nani atakunyang'anya? Akili si korosho, haiozi ghalani. Wewe kosea, mwanangu. Mwachie Hadija." Ukamwapisha asiniambie mpaka utakapokufa. Mtoto wa miaka kumi na miwili.

Hukumwambia akosee mangapi. Ungemwambia akosee nusu, Mama! Unamjua Somoe hajui kufanya kitu nusu nusu. Alikaa madawati mawili nyuma yangu, akasoma kila swali, akatafuta jibu lake, akaliacha. Mimi hapo mbele natoka jasho natafuta hilo hilo jibu analoliacha yeye.

Majina yalipokuja lilikuwa moja, langu. Ulipiga vigelegele. Na Somoe akapiga. Akanibebea sanduku la bati kichwani hadi kwenye lori la Nachingwea, akasimama kunipungia mkono. Watu wakasema karogwa. Wengine wakasema akili nyingi huondoa maarifa. Yule mwalimu wa Kagera hakumsemesha tena mpaka alipohama. Na mimi, Mama, mimi nilimwambia alizembea. Nilirudi likizo na sketi yangu ya sekondari nikamhutubia mdogo wangu juu ya bidii, na wewe ulikuwa pale pale unachambua mboga. Ulinisikia. Ukaendelea kuchambua.

Jumamosi hiyo nilimuuliza Somoe kama kweli siku ile majibu aliyajua. Sijui kwa nini niliuliza. Labda nilitaka aseme hapana. Akaanza swali la kwanza. Akataja swali lilivyoulizwa, akataja jibu lake, akataja na herufi aliyoiandika yeye. Akaja la pili, la tatu. Miaka kumi imepita, Mama, na bado yote anayo. Alipofika la ishirini na mbili nilimwomba aache.

Nikamuuliza kama anakuchukia. Akasema, "Mama alikuwa na nafasi moja na watoto wawili. Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Swali hilo nimelala nalo usiku wa juzi na wa jana. Najua ulinipenda. Najua ulinihurumia kwa sababu mimi ni mzito. Lakini ulichosema kuhusu akili ni kweli na ndicho kinachoniumiza, haikuoza. Ipo nzima kabisa, na hakuna aliyeifungulia mlango. Mshahara wangu, nyumba ya mwalimu ninayokaa, watu kuniita mwalimu njiani, vyote vimetoka kwenye zile herufi alizoziandika kwa makusudi.

Nilimwambia nitamlipia asome, afanye mtihani kama mtu wa nje ya shule. Akaniambia yangu tutaongea, huyo Zainabu wako mtihani wake ni Septemba, nenda kwao. Nikamwambia twende wote.

Jana jioni tukaenda. Mama yake Zainabu ni mjane, ana shamba la mikorosho na binti huyo mmoja. Alitupokea vizuri, akatutandikia mkeka. Nilipomweleza kwamba mtoto kaambiwa akosee, akakana. Mtoto kapungukiwa tu, mwalimu, ni mapenzi ya Mungu. Nikaona nitatoka pale mikono mitupu, na Zainabu kasimama mlangoni anatazama miguu yake. Ndipo nikasema. Sikuwa nimepanga. Nikasema mimi ndiye dada aliyefaulu kwa sababu huyu aliambiwa akosee, na aliyemwambia ni mama yetu, Bi Mwanahamisi, tumemzika mwaka huu. Somoe akanivuta khanga. "Dada, marehemu hasemwi."

Yule mama hakunijibu mimi. Alimgeukia Somoe, akamuuliza taratibu, "Na wewe, mwanangu, inauma?"

Mama, katika maisha yangu sijawahi kumsikia Somoe akilalamika. Hata uchungu wa uzazi alikaa kimya. Akasema, "Kila siku, mama."

Mwanamke yule alimtazama mtoto wake pale mlangoni, akanigeukia. Akaniambia amesikia, na kwamba aliogopa kubaki peke yake, basi, hana lingine. Akamwambia mtoto aandike anachokijua. Sijui kama atashikilia neno lake hadi Septemba, woga wa mzazi hauishi kwa jioni moja. Nitakwenda tena wiki ijayo, na ijayo yake. Somoe kasema na yeye atakuja. Leo asubuhi nimemwomba Zainabu radhi mbele ya darasa zima kwa zile fimbo. Watoto wameduwaa, hawajaona mwalimu akifanya hivyo. Na mimi sikuwahi kuona.

Mama, nakuaga sasa. Sijajua kama nimekusamehe, na sitaki kukudanganya huko uliko. Nalia kwa kukukumbuka, halafu nalia kwa hasira, halafu sijui tena ni kipi kati ya hivyo viwili.

Ila nakuahidi jambo moja. Watu wetu wanasema marehemu asitajwe ila kwa wema. Mimi nitakutaja. Kila nyumba yenye mtoto aliyekosa yote nitaingia, nitakaa mkekani, nitalisema jina lako na ulilolifanya, hata wakinisema kwamba Hadija hana haya, anamwanika mama yake. Na kila nikitoka nitakuombea dua, kila siku bila kuruka, kuliko hata Somoe. Ndivyo inavyonipasa, kwa sababu kati yetu wawili ni mimi uliyenichagua.

Mwanao,
Hadija