Sauti Isiyovuta Pumzi

Kwako Dada,

Salamu nyingi na heshima zako. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, shemeji na watoto, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Sisi huku tupo. Baba anakula, analala, na bado anabishana na redio kana kwamba mtangazaji anamsikia. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu haya nimeshindwa kuyasema kwenye simu. Nimeiweka shajara yangu hapa mbele ili nisiruke jambo.

Unaikumbuka mikutano yetu ya Jumamosi, ile uliyokuwa ukiiita chama cha nyaya. Marehemu mdogo wetu ndiye aliyeianzisha. Programu zetu tulikuwa tukizihifadhi kwa kampuni moja kubwa ya mbali, mpaka siku ilipotufungia mlango bila maelezo. Yeye akasema basi, kuanzia sasa tutajitunzia kazi zetu wenyewe. Akaunda seva, kompyuta ya kuhifadhia kazi za wote, kwa vipande vya kompyuta mbovu, tukaiweka chumba cha nyuma katika duka la fundi redio. Kanuni nayo aliitunga yeye: mwenye kazi ndiye mwenye ufunguo, na ufunguo, yaani neno la siri, hauandikwi popote, unakaa kichwani. Tulimpigia makofi.

Humo ndimo alimoiweka ile programu ya Baba. Macho ya Baba yalipozima, kijana alijifungia chumbani akijirekodi maneno na namba, hadi simu ya mzee ikawa inamsomea kila ujumbe kwa sauti ya mwanawe. Sisi wengine tulikuwa na nakala za kazi zetu kwenye kompyuta zetu. Nakala yake yeye iliungua pamoja naye ndani ya lile gari siku ya ajali.

Tulipotoka kuzika ndipo tulipong'amua hali yetu. Seva ilikuwa bado inawaka. Ikizimwa, siku ya kuiwasha itadai neno la siri ambalo tumelifukia pamoja naye. Ikiendelea kuwaka, Baba ataendelea kumsikia mwanawe. Kwa hiyo hatukuizima. Umeme ukikatika, betri iliibeba. Fundi redio aliipangusa vumbi kwa brashi ya kunyolea, na kila asubuhi alinipigia simu kunijulisha kwamba mgonjwa ameamka salama.

Halafu jengo likauzwa, tukatakiwa tuhame. Tukaamua kuihamisha ikiwa hai. Tuliilaza juu ya godoro kwenye mkokoteni, betri ubavuni, mimi nikiwa nimeshika waya, na mwalimu wa hesabu, mwanachama mwenzetu, akitangulia kufukuza watu njiani. Mama mmoja muuza mkaa aliuliza tumembeba nani. Fundi akamjibu kwamba ni mkwe wake, ndiyo maana anamsukuma kwa adabu. Tulicheka, Dada. Tulicheka njia nzima, na tukafika haijazima.

Katika chumba kipya tuliichomeka ukutani. Betri ikawa inalia pi, pi, pi. Fundi akasema mgonjwa analalamikia safari, akaibonyeza ikanyamaza. Walikuwepo wageni waliokuja kujifunza, basi mkutano ukaanza. Mwalimu alisimama akawaeleza uzuri wa mtu kutunza kazi yake mwenyewe, bila kumtegemea wala kumwogopa mtu yeyote. Alikuwa katikati ya maneno hayo feni za seva ziliposimama. Plagi ilikuwa imechomekwa sawasawa. Swichi ya ukutani hakuna aliyekuwa ameiwasha. Kumbe ule mlio ulikuwa ukituambia kwamba betri inakwisha.

Tuliiwasha. Ikadai neno la siri. Tulijaribu jina la Mama, majina yetu ya utotoni, mpaka jina la yule mbwa wetu wa zamani. Mwishowe fundi alitoka nje, akakaa kwenye ngazi akiwa amejifunika uso kwa shati lake.

Sasa nikuambie lililonikalisha kuandika. Unajua sauti yangu na ya marehemu zilivyokuwa zikikuchanganya hata wewe. Sikumwambia Baba kitu. Niliitengeneza simu yake hivi kwamba ujumbe ukiingia unanifikia mimi kwanza. Nausoma kwa sauti ya mdogo wetu, najirekodi, kisha namrudishia. Baba alipouliza mbona inachelewa, nilisingizia mtandao.

Na ujumbe wako ulikuja, Dada. Ule uliomwandikia Baba ukijua ni sauti ya marehemu itakayousoma, kwamba maneno mabaya mliyoachana nayo wewe na marehemu umeyasamehe, naye akusamehe. Niliusoma mimi, kwa sauti yake. Unisamehe.

Jana nilikuwa namnyoa Baba. Povu likiwa bado kidevuni, aliniambia kwamba sauti ya mwanawe ilikuwa haivuti pumzi; ilisoma hata ujumbe mrefu moja kwa moja. Hii ya sasa inavuta pumzi, na kwenye ujumbe wako, akasema, ilikabwa katikati. Alijua tangu siku ya kwanza. Nilimuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema alidhani mimi ndiye niliyekuwa naihitaji sauti ile.

Kisha akaniomba nimsomee tena ujumbe wako, kwa sauti yangu. Nilimsomea. Alijifuta povu lililokwisha kumkauka, halafu akanituma nikueleze ukweli: maneno yako kwa marehemu hayakufika. Mpokeaji hakuwepo.

Msalimie sana shemeji, na uwabusu watoto kwa niaba yangu. Fundi na mwalimu wanakupa pole. Baba anasema usiache kumwandikia, habari yoyote, hata ya mvua. Andika ukijua kwamba msomaji ni mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Wa Kati