Bibi Yako Aache Kopo la Sukari

Makambako

Mpwa wangu Edina,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Manda mnaonaje joto la ziwa? Na kidonda cha mguu wa bibi yako kimefikia wapi? Mimi mzima, kifua kama jiwe.

Kazi yangu ya kupeleka damu za wagonjwa maabara ya Njombe naiweza kuliko wote. Majuzi pikipiki ilizimika kwenye ukungu, nikalitwika boksi la barafu kichwani nikakimbia. Bodaboda wawili walijaribu kunifikia wakakata tamaa. Damu ilifika ingali baridi.

Sasa lile nililokuagiza kwa simu, kwamba bibi atiliwe vijiko sita vya sukari kwenye uji. Nilimsikia Mama Sanga, mtaalamu wa maabara, akisema chembe nyeupe za damu zina vishikio vya kushika sukari. Nikaona tiba nimeipata. Nilipomsimulia ninavyomtibu mama yangu mwenye kisukari, aliweka kalamu chini.

"Baba, unataka kumuua mama yako?"

Akanifundisha polepole. Sukari inayoshikwa si ya kikombeni. Ni vijinyororo vya sukari vilivyoota juu ya vijidudu, na juu ya chembe za mwili wetu pia. Kishikio kinavipapasa kama mkaguzi wa mbao anavyosoma alama ya nyundo iliyogongwa kwenye gogo halali: hii ngeni, shambulia, hii ya kwetu, tulia. Bila kutulizwa, chembe hizo huumiza hata mwili wenyewe. Ile ya uji inajaa kwenye damu tu, chembe nyeupe zinalegea, kidonda kinagoma kufunga.

Juzi nikapiga simu kukataza, ukasema bibi kakumbatia kopo akidai: "Huyo kwenye simu si mwanangu. Mwanangu hageuzi neno!" Basi msomee barua hii. Mwandiko wangu anaujua, herufi zimelala kama mahindi baada ya upepo.

Mama, acha sukari. Meza dawa zako za kisukari kama ulivyoandikiwa. Jumamosi nakuja kukupeleka hospitali ya Ikonda, mguu uangaliwe. Mimi mwanao nimekosea.

Edina, hapo atasema umesoma vibaya. Mwonyeshe mstari kwa kidole, usome tena.

Msalimie dada yangu, mama yako, na shemeji mvuvi.

Ni mimi mjomba wako Lusiano, niliyekosea mara hii moja tu.