Zamu Yangu Katika Lori Lisilo na Injini

Kaka Deo,

Kamwene. Sikuulizi hali, maana jibu nililiona mwenyewe likifukiwa kwa majembe. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayasoma humu, na usipoyapenda uje mwenyewe uniambie, kwa sababu nimechoka kuambiwa na watu kwamba Deo angependa hivi, Deo angetaka vile. Tangu kichomi kikuchukue, kila mtu hapa Iringa amekuwa mkalimani wako.

Nakuandikia nikiwa ndani ya lori letu. Bado liko nyuma ya nyumba ya Baba Mdogo, kichwa tu juu ya matofali, injini aliiuza zamani zile aliposema atanunua nyingine. Kuku wanataga kwenye kiti cha utingo. Nimewaacha watage.

Majirani walituita wendawazimu, na sikuwalaumu. Petroli ilikuwa ya shida, serikali imekataza magari kutembea Jumapili mchana, madereva wa mji mzima wamekaa vibarazani wakikuna magoti. Wewe ndiye uliyesema, "Basi na tuendeshe lisiloomba mafuta." Ukaingia humu, ukashika usukani, ukaanza kunguruma kwa mdomo, na mimi utingo wako nikaruka kushoto kwa mazoea tu. Hatukufika hata Ifunda siku ile. Tulicheka mpaka mkeo Sabina akatoka jikoni kuja kuona nani amelewa mchana.

Halafu mchezo ukaota mizizi. Walikuja madereva wa Ipogoro na timu yao, akaja pia yule mzee, dereva mstaafu, tuliyembatiza Refa, akakaa juu ya pipa karibu na dirisha, amefumba macho, kiko mdomoni. Alikuwa anaijua njia ya Mbeya kuliko anavyowajua wanawe. Jumapili hii ni timu yao, Jumapili ijayo ni sisi, kutoka misa ya kwanza mpaka giza linapokaribia, na anayefika Mbeya mapema zaidi ndiye mshindi. Mwendo ni wa kweli: kama Makambako ni saa nyingi, basi na sisi tulikaa humu saa zile zile. Mmoja anashika usukani na kutoa injini mdomoni, mmoja anamsomea njia, mmoja amelala juu ya gunia kivulini akingoja zamu yake. Ukikosea, Refa alifumbua jicho moja. "Hapa pana kona. Mbona sijasikia gia?" Hiyo ilikuwa pancha, na timu nzima ilikaa kimya mpaka amalize kuvuta kiko chake. Na alivyokuwa akikivuta polepole, mzee yule, hasa tukiwa tunaelekea kushinda!

Nani angeamini kwamba msomaji wetu bora angekuwa Sabina? Alizaliwa Igawa, mama yake akiwauzia madereva mchele kando ya barabara, na njia ya kule aliijua kwa pua na masikio. "Vueni masweta, joto la Usangu hilo." "Ng'ombe wa Wasukuma wanavuka, piga honi." Refa alimpenda mpaka akasahau kuvuta.

Siku moja nilijaribu peke yangu, katikati ya wiki, hakuna mtu. Nilichoka hata Tanangozi sijafika, nikajiona mtu mzima anayebubujisha mate ndani ya mkweche. Lakini tukiwa watatu niliweza kukaa hapa mgongo umekufa ganzi, midomo imepasuka kwa kunguruma, na nisithubutu kulegea, kwa sababu wewe ulikuwa umelala pale kwenye gunia ukiniamini. Sijawahi kuendesha gari la kweli kwa uangalifu kama nilivyoliendesha hili lisilokwenda popote. Nilikuwa nalileta kwako. Utamu wote ulikuwa hapo, kaka, na wale waliotucheka hawakuuonja. Ukiendesha, kuna mtu analala kwa ajili yako. Ukilala, kuna mtu anakesha kwa ajili yako. Duniani kwingine sijaupata usingizi wa namna ile.

Na ile sheria yako ya makabidhiano. Mlango wa dereva haufunguki kwa ndani mpaka leo, kwa hiyo anayetoka humngoja anayeingia aje amfungulie, na hamfungulii mpaka aambiwe ukweli wa gari. "Breki laini. Gia ya tatu inaruka. Mvua imeanza Nyororo. Mimi nina usingizi tangu Mafinga." Yote ya kubuni, lakini Refa aliyakumbuka, na ole wako uliyeficha breki mbovu. Ulikuwa unatuambia, "Gari si la anayelishika, ni la anayelingoja."

Basi mbona hukunikabidhi? Ulikohoa wiki ile, ukaenda hospitali kwa miguu yako, ukaniambia nikuletee chai ya tangawizi jioni. Nilipofika na chupa ya chai walikuwa wameshakufunika. Nimekukasirikia, Deo. Nakulilia na nimekukasirikia, vyote viwili vimelala kitanda kimoja.

Sasa sikiliza waliyonifanyia.

Matanga yalipokwisha Baba Mdogo aliwaita wazee. Nilidhani ni habari ya nguo zako. Kumbe ni habari ya mkeo. Unaijua mila yetu: mjane hushika kibuyu cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ndugu wa marehemu hukipokea mkononi mwake na kunywa, na hapo nyumba imepata mwenyewe. Ndugu yako ni mimi peke yangu. Nilipoanza kusema kwamba Sabina ni shemeji yangu na ninamheshimu, Baba Mdogo alinikata kwa kicheko. "Si mlikuwa mnapokezana usukani Jumapili zote, na huyo mwanamke katikati yenu? Basi pokea!" Wazee wakacheka wote. Nilitamani kumrushia kigoda. Mchezo wetu, kaka, kitu kisafi kuliko vyote nilivyowahi kuwa navyo, umegeuzwa ushahidi. Huko nje majirani nao: lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Nikikataa, Sabina arudi kwao Igawa, na mtoto abaki. Ndivyo walivyokata. Mwanao Nolasko, ambaye bado analala ameshika sikio la mama yake, "ni wa ukoo," atalelewa na mke wa Baba Mdogo, ambaye sisi wawili alitulea na tunaijua fimbo yake. Nikikubali, Edita wa Kilolo, niliyekwisha kumposa, wewe mwenyewe ukiwa msemaji wangu kwa baba yake, namfanya nini? Baba yake alikwisha kutuma neno: binti yake haendi kuwa mke wa pili.

Sabina naye hakunificha. Aliniambia akiwa anatwanga, bila kuinua macho, "Shemeji, wewe ni mtu mwema. Ila mimi simtaki mtu mwingine yeyote, na wewe ukiwemo." Nikamwambia hata mimi. Tukacheka kidogo, kisha akalia, nami nikaondoka kwa sababu kulikuwa na macho ya watu.

Nilikwenda kwa padri, akasema ni dhambi. Nilimwendea shangazi, akasema nikikataa utakuja kunisumbua ndotoni. Hukuja, ningefurahi ungekuja. Kila niliyemwendea alinishauri upesi upesi kisha akarudi kwenye shughuli zake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilikuwa sili, nazunguka kiwanja hiki kutoka lori hadi zizi, zizi hadi lori, na popote niliposimama niliona mtu wa nyumbani ananitazama kama mchumba anayejivuta.

Ndipo Refa akaja na wale wa Ipogoro. Walisema dereva hazikwi kwa sala peke yake, twende Mbeya mara moja kwa ajili ya Deo. Sikutaka. Sabina ndiye aliyefunga kanga kiunoni, akampakata Nolasko, akapanda kushoto akaanza kusoma njia. Basi nikaingia, Refa akanifungia mlango kwa nje.

Tuliteremka mlima, tukavuka daraja la Ipogoro, Tanangozi, Ifunda, Mafinga na baridi yake. Gunia lilikuwa tupu pale kivulini. Makambako ndipo ulipokuwa unanipokea siku zote. Nilifika Makambako nikageuza shingo kutazama dirishani, najua ni ujinga, nikageuza tu. Nikapita. Injini yangu ilikuwa inakwamakwama kama inakunywa maji, na Refa, ambaye angetutia pancha kumi, hakufumbua hata jicho moja.

Sabina alisoma mpaka Usangu. Sauti yake ilikuwa ya kazi. "Kinamama wa mchele kushoto. Punguza. Punguza tena. Simama." Nikasimama. Hatujawahi kusimama Igawa hata siku moja, kituo chetu kilikuwa Chimala. Akasema, "Mimi nashuka hapa, shemeji." Akafungua mlango wa upande wake, akamteremsha mtoto kwanza, akashuka, akasimama pale katikati ya kuku na mtoto wake mkononi kama mtu aliyefika kwao.

Sote tulikuwa tumemuuliza Sabina atamkubali nani. Hakuna aliyemuuliza anataka kushukia wapi.

Nikakumbuka maneno ya Baba Mdogo alipokuwa akinibembeleza kwa upande wa pili wa ulimi wake: "Ukishampokea, kauli ni yako. Mimi siingii katika nyumba ya mtu." Jioni ile nilimweleza Sabina nilichofikiri. Kisha akaniuliza, "Na Edita je? Utatufungulia sisi, wewe utafunguliwa na nani?" Nilimwambia nitajua mwenyewe. Sikuwa ninajua, na hata leo sijui.

Nilikwenda Kilolo kwanza, asije akasikia kwa wapita njia. Edita alinisikiliza mpaka mwisho akichambua maharage. Akasema, "Umeamua vizuri." Kisha akasema nisirudi tena pale kwao. Sikumpinga, maana yote mawili yalikuwa kweli. Nilishuka mlima kwa miguu kwa sababu sikutaka kukaa karibu na mtu kwenye gari.

Siku ya wazee Sabina alishika kibuyu. Nilikipokea nikanywa, kaka. Wanawake wakapiga vigelegele, Baba Mdogo akanipiga begani mpaka nikakohoa. Nikangoja watulie. Halafu nikasimama nikasema: mke wangu anakwenda Igawa kulima mpunga, kwa mama yake, na mtoto wangu anakwenda na mama yake, na atakaa huko kadiri nitakavyoona mimi. Baba Mdogo alifungua mdomo. Akawatazama wale wazee aliowaita mwenyewe, akaufunga.

Niliwapeleka stendi asubuhi. Nolasko alilia kwa sababu ya kuku mmoja aliyemtaka. Basi lilipowasha injini Sabina alitoa kichwa dirishani, mbele ya abiria na makuli wote, akapaza sauti: "Kwa heri, shemeji!" Watu wakageuka kunitazama. Nilipunga mkono mpaka basi lilipopinda kona.

Hivyo ndivyo nilivyo sasa. Mimi ni mume wa mtu, nakaa katika nyumba yako kwa sababu mume lazima akae kwake. Kitanda chako nimekisimamisha ukutani, nalala kwenye mkeka. Wake za majirani wananiuliza mke wangu atarudi lini kutoka shambani, nami nawajibu mvua zikiisha, na mvua zikija nawajibu mavuno yakiisha. Kule Kilolo nasikia kuna mwalimu anayepita pita kwa kina Edita. Siwezi kuuliza. Nikisema neno moja la kujinasua, wazee watasema nyumba haina mwenyewe, na mtoto atafuatwa Igawa kesho yake. Kwa hiyo nanyamaza. Kuna siku kunyamaza huku kunanikaba hasa, nakuja humu lorini nakaa tu bila kunguruma.

Sikukueleza haya ili unihurumie. Nimekueleza kwa sababu wewe ulikuwa na haki ya kujua hali ya vitu vyako. Mkeo ni mzima, amenenepa kidogo, mama yake aliniambia kwa salamu ya dereva mmoja. Mwanao ameanza kutamka majina ya magari.

Kaka, kwa heri. Lala kabisa, si ule usingizi wa kwenye gunia wa kusikiliza kwa sikio moja. Ahadi yangu ni hii: sitajitoa. Nitaitwa mume wa Sabina na wala sitalalamika mbele ya mtu, mpaka Nolasko awe mtu mzima, asimame mwenyewe mbele ya wazee na kusema anapotaka kukaa yeye, na anapotaka kukaa mama yake. Najua ni miaka mingi. Huko uliko, kama mnaruhusiwa kuomba kitu, usiombe akue haraka kwa ajili yangu. Mwache acheze.

Mdogo wako,
Alfonsi