Misumari ya Mzee Saidi

Jumanne, Machi 1989

Watoto wamelowa tena. Nyasi za paa zimeoza, na mabati yapo ndani, yameegemea ukuta.

Majirani wote walisema kanunue Bukoba, duka kubwa, rahisi. Nikayaleta juu ya basi. Misumari ya bati ilikuwa imewaishia kule dukani.

Leo nimekwenda kwa Mzee Saidi, duka letu la hapa. Nikamwamkia, nikaulizia misumari.

"Marahaba, Mama Koku. Mabati umefuata mjini, misumari ndiyo unanikumbuka?"

Waliokaa barazani wakacheka.

"Nisamehe, mzee."

"Imebaki kidogo. Nawawekea wanaonunua mabati kwangu."

Nikamwaga, nikaondoka mikono mitupu. Baba Koku alipokufa, misumari ya jeneza alitoa yeye, bure. Siku ya kupanda basi sikulikumbuka hilo. Sasa nirudi kwake na maneno gani?