Neno Alilobakiwa Nalo Fundi

Nyumbani, ghorofa ya pili juu ya duka,
Jumapili, 14 Juni.

Wifi yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi wewe, bwana wako na watoto. Hamjambo? Mama naye, miguu yake inaendeleaje? Niambie wewe ukweli, maana Mama ukimuuliza mwenyewe atasema mzima huku ameshikilia ukuta. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Ndugu yako anakula, analala, na juzi amemkaripia mtu, kwa hiyo ujue anaendelea vizuri.

Ningekupigia simu, lakini mgonjwa wetu hakai mbali nami, na kiharusi kilichukua mkono na mguu wa kulia, na ulimi, masikio kikayaacha. Yapo na yanafanya kazi kuliko zamani. Ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Nianze na lililoniuma ili liishe. Katika barua yako umesema umeshaamua tuhamie kwako, duka lifungwe na cherehani iuzwe, tena ukauliza kama nang'ang'ania duka kuliko ndugu yako. Nilinuna, wifi, sikufichi. Nilinuna kutwa nzima, nikaosha vyombo kwa kelele mpaka jirani wa chini akaja kuuliza kuna nini. Halafu nikakuelewa. Ni ndugu yako wa tumbo moja, nawe uko mbali huna cha kushika isipokuwa hofu. Kwa hiyo nakujibu bila hasira, ila nisome mpaka mwisho.

Kwanza ujue kwamba mimi mwenyewe nilitaka kuja. Nilikuwa nimechoka kupita kiasi, nalia huku nakoroga sufuria. Cherehani nilishaifunika shuka na kuifunga kamba, na wateja wote niliwapelekea habari waje wachukue vitambaa vyao.

Kuhusu ulimi wake sikukueleza sawasawa, kwa sababu nilikuwa sijui niseme vipi. Maneno yote yamempotea, limebaki moja tu. Daktari anasema hutokea. Neno lenyewe hutaamini: kesho. Akitaka maji, "kesho". Akikasirika, "kesho". Nikivaa gauni langu la bluu, "kesho", kwa sauti ambayo wewe dada yake siwezi kukuandikia. Fundi cherehani, aliyewaambia watu kesho maisha yake yote, maneno mengine yamekimbia na hilo likakaa! Nilipolisikia mara ya kwanza pale hospitalini nililia sana. Nilidhani Mungu anamdhihaki.

Basi asubuhi waliyokuja wateja tulimteremsha dukani, tukamkalisha kitini ili awaage. Wa kwanza alikuwa Mwalimu, yule mrefu ambaye suti yake imekaa kwetu tangu mshono ule ulipokuwa bado fasheni. Akaushika mkono usiofanya kazi, akauliza kama anavyouliza siku zote, "Fundi, suti yangu lini?"

"Kesho," mume wangu akajibu.

Mwalimu akacheka mpaka akashika mlango. Mimi damu ikanichemka. Nikamfuata nje nikamwambia, mtu mzima wewe, huoni haya kumcheka mgonjwa? Akageuka huku anafuta macho, nikaona si machozi ya kicheko peke yake.

"Mama, usinielewe vibaya," akasema. "Huyu bwana ananiambia kesho siku zote. Angeniambia leo, hapo ningejua fundi wangu hayupo tena."

Akaenda zake, kitambaa akakiacha.

Waliomfuata wakafanya vilevile, sijui kama aliwangoja njiani akawapanga. Mtu anaingia, anauliza nguo yake lini, anajibiwa, anasema, "Haya fundi, kesho basi," anatoka. Aliyeondoka na kitambaa ni bibi harusi mmoja tu, na huyo nilimlazimisha mwenyewe, maana kesho yake ilikuwa ya kweli.

Jioni ile rafu zilikuwa zimejaa kama zilivyokuwa. Nilikaa katikati ya vitambaa vile na moyo wangu ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza tangu augue, lakini hofu nayo ilikuwepo. Watu wamesubiri, sawa, ila nani atashona? Mimi unanijua. Kifungo nikishona leo, kinaanguka kabla shati halijavaliwa.

Sasa kaa chini kwanza usikie aliyekuja. Sindano! Yule yule fundi wa ng'ambo ya barabara, mwembamba, mwenye maneno ya kuchoma, aliyegombana na ndugu yako kwa sababu ya ubao wa tangazo, wakanuniana mpaka wote wawili wakaota mvi. Aliingia bila hodi, akafungua kamba, akalikunja shuka langu vizuri, akaketi kwenye cherehani. Nikamuuliza anataka nini.

"Tangu huyu augue hakuna wa kunitazama vibaya kutoka upande huu," akasema. "Kazi zangu zinaharibika."

Tangu siku hiyo, akifunga duka lake anavuka barabara kuja kwetu. Anakata yeye na kushona yeye, lakini kuchora hataki katakata. Anakitandaza kitambaa mezani, anamshikisha ndugu yako chaki katika mkono wa kushoto, kisha anasubiri hata kama giza linaingia. Mwanzoni mistari ilikuwa inakwenda inakotaka. Sindano anainama, anatazama, anauliza, "Hii suruali ni ya mtu au ya meza?" Hapo ndugu yako anapandwa na mori, anamtolea kesho moja kali ambayo hata mimi najua ni tusi. Kisha anafuta, anachora upya. Juzi daktari aliuona mkono ule wa kushoto ulivyozoea kazi akashangaa, akataka kujua ni nani anayemfanyisha mazoezi. Nikamwambia ni adui yake.

Usidhani lakini tunashinda tukicheka. Zipo siku anautazama mkono wake wa kulia, machozi yanamtoka bila sauti. Nikimwogesha hugeuzia uso ukutani. Nami zipo siku nakaa ngazini peke yangu kwanza ndipo naingia ndani.

Hizo ngazi nazo zina habari yake. Mchukuzi wa mizigo wa pale sokoni ndiye anayemteremsha asubuhi mgongoni na kumpandisha jioni. Hatukumwomba, na chai ndiyo pekee anayokubali. Siku ya kwanza niliona aibu, mume wangu kubebwa mbele za watu, nikataka kumzuia. Akaniambia, "Mama, nimebeba magunia tangu ujana wangu, hakuna hata moja lililonisalimia. Huyu ananisalimia."

Barua yako nilimsomea, isipokuwa pale uliponisema mimi. Nikamuuliza, mume wangu, tufunge tuende kwa dada? Akanitazama. Akazitazama rafu, akatabasamu lile tabasamu la kumwambia mteja asiwe na haraka, akasema neno lake. Nimeolewa na fundi, wifi. Kesho ya namna ile najua maana yake.

Kwa hiyo hatuhami. Si kwamba nyumba yako haina upendo, tena najua ungejinyima ili yeye apate. Lakini huko ungembeba peke yako, na anayebeba peke yake kuna siku atahema, na anayebebwa atamsikia. Ndugu yako ana masikio, nimeshakwambia. Huku tumegawanywa. Mmoja ametoa mgongo, mwingine mkasi, na Mwalimu ametoa subira, ambayo alikuwa nayo tele. Wote hao wakiondoka jioni hakuna aliyelemewa, naye analala bila kumwomba mtu msamaha kwa macho. Hilo siwezi kumnyang'anya, na wewe unayempenda usimnyang'anye.

Ila kitanda ulichotutandikia usikitandue. Tutakuja kama wageni, tule, tukusumbue, tugombane mimi na wewe jikoni, kisha turudi kwetu.

Mpe pole Mama na umweleze taratibu habari ya neno lile; akicheka mwache acheke. Msalimie bwana wako na wanangu wote, na yule mdogo mwambie mjomba wake amemchorea shati, kola imeenda upande lakini ni yake. Mungu akupe usingizi mzuri, wifi, uache kulala na simu mkononi ukingoja habari mbaya.

Ni mimi wifi yako akupendaye, hata ukisoma haya ukanuna,

Mke wa Fundi.